Maji Chini ya Gari Jekundu

Jumanne, 4 Septemba 1984

Muthama amekuja kibandani na lile gari lake jekundu, akalizima mlangoni kabisa kama kawaida yake, mteja mwingine asipite. Anataka baridi ndani ya gari. Si feni — baridi, kama ya hoteli za Mombasa nilikofanya kazi. Nilicheka. Hili ni Mustang la mwaka sitini na nane, silinda nane, usukani kushoto. Aliliacha Mmarekani wa visima, aliyechimba huku akapata mawe, akaenda zake. Halikuzaliwa na baridi. Nikamwambia afungue madirisha, upepo ni wa bure.

Hakucheka. Akasema si yake, ni ya Ndila.

Basi nikaweka spana chini. Ndila mkewe aliungua mwaka jana, stovu ya mafuta taa ilimlipukia. Kifua, mgongo, mikono yote miwili. Vidonda vimefunga, lakini ngozi ya kovu haitoi jasho. Daktari wa Nairobi alieleza kwamba mwili wake hauwezi tena kujipoza. Jua likichacha anazimia, na siku moja atazimia asiamke. Kitanda cha hospitali cha kumtengeneza ngozi kitapatikana Januari. Kabla ya Januari kuna Septemba, kuna Oktoba, na kuna jua la Kibwezi.

Nyumba ya Muthama ni ya bati, stima haijafika. Anataka mkewe akae ndani ya gari kuanzia adhuhuri mpaka jua lilegee, kila siku, injini ikinguruma. Niliuliza kwa nini asimpeleke kwao Tawa, kwenye milima. Akasema Ndila alilazwa Nairobi muda mrefu mno, na aliporudi mtoto wake mdogo alimkimbia. Hatoki tena nyumbani mpaka Januari. Ameshakata shauri.

Nimesema nitajaribu.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimezunguka kutafuta vitu. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, nimeitoa kwenye gari la ubalozi lililopinduka karibu na Kiboko, liko pale linaoza. Kondensa ya kukaa mbele ya rejeta nimeipata kwenye chumba cha baridi cha bucha. Bucha imefungwa. Ng'ombe wamekufa porini, nani atachinja mifupa? Kisanduku chenyewe cha kutoa baridi, kile cha kuning'inia chini ya dashibodi, nilikuwa nacho tangu Mombasa. Nilikuwa naweka misumari ndani.

Mwanamisi mke wangu anasema watu wanapanga foleni ya mahindi ya manjano ya msaada na mimi natengeneza baridi. Nikamwambia ni dawa. Akasema dawa yenye magurudumu hajaiona bado.

Jumatatu, 10 Septemba

Kazi mbaya. Nafasi hakuna, injini imejaa mle ndani kama mtu mnene kitandani. Kishikio cha kompresa nimekichomelea mara mbili, mara ya kwanza mkanda ulikwenda upande.

Na kuna jambo sikulipenda. Bomba la eksosi la kushoto limeoza kwenye maungio. Moshi unavuja chini ya sakafu, pale pale kwenye miguu ya abiria. Bomba la namna hiyo huku halipatikani. Nimelifunga kwa bati na waya lakini bado linapumua. Kwa hiyo kila tundu ninalotoboa sakafuni nalizibia kwa pete ya raba inayobana bomba linalopita, nimezikata mwenyewe kwa kisu kutoka tairi kuukuu. Gari la baridi ni gari la madirisha yaliyofungwa. Kule bandarini nilimwona dereva aliyelala garini, injini ikinguruma, vioo juu. Ule moshi hauna makali ya kukuamsha. Walipomtoa uso wake ulikuwa wa mtu mwenye usingizi mtamu.

Nimemweleza Muthama haya yote. Alikuwa anaangalia gurudumu. Sijui kama alisikia.

Jumamosi, 15 Septemba

Limekubali!

Nilifyonza hewa kwenye mabomba kwa kompresa ya friji bovu niliyoigeuza. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, nikatia gesi. Muthama akawasha. Mwanzo ilitoka hewa ya jehanamu. Halafu vuguvugu. Halafu nikatia mkono pale mdomoni mwa kisanduku nikasikia Mombasa.

Ndila aliletwa kwa lori la mizigo la Muthama. Sikuwa nimemwona karibu tangu aungue. Amejifunika leso mpaka kidevuni. Akaingia taratibu, Muthama akafunga mlango, nasi tukasimama nje kama watu wanaongoja daktari. Baada ya muda akateremsha kioo kidogo.

"Fundi," akasema, "sasa mimi ni soda."

Muthama aligeuka akaenda nyuma ya lori lake akakaa huko. Mtu mzima, pandikizi la mtu. Nilijifanya natafuta spana. Nimefurahi leo, naandika wazi. Kazi kama hii mtu haifanyi mara mbili.

Jumatano, 26 Septemba

Gari linakaa chini ya mgunga mbele ya nyumba ya Muthama, kando ya barabara ya sokoni, kwa sababu hapo ndipo penye kivuli. Kila adhuhuri linanguruma. Kila mtu anaona: nje vumbi na mbuzi waliokufa, ndani mwanamke ameegemea kiti, vioo vimefungwa. Watu wamekwisha kuipa njaa hii jina, Nikwa Ngwete — nakufa huku nimeshika pesa, kwani hata mwenye pesa hapati mahindi. Muthama, wanasema, pesa zake zimepata cha kununua: baridi.

Rejeta inachemka kwa kusimama bure. Nimeongeza feni. Bado inakunywa maji, na maji yanatoka mtoni kwa punda.

Jana Ndila aliona kitu. Chini ya gari palikuwa na unyevu. Ni maji ya kisanduku: hewa ikipozwa inaacha umande, na umande nimeutolea nje kwa kijibomba kupitia tundu la sakafu. Kikombe leo, kikombe kesho. Ndila akasema ni dhambi kuyamwaga watoto wakiangalia. Akaagiza sufuria iwekwe chini. Alasiri akampa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Leo walikuja wanawake kadhaa na vikopo.

Nilimwambia Ndila hili si bomba la kijiji. Akajibu kwamba tangu aungue watu wanamwangalia kama ugonjwa, na jana kwa mara ya kwanza mtu alimshukuru.

Jumapili, 7 Oktoba

Syokau alikuja kibandani baada ya kanisa. Huyu mama ndiye aliyemzalisha mama yangu nilipozaliwa, baba akiwa mgeni hapa kutoka pwani, hana jamaa. Wazee hawaendi kwenye ithembo, kile kichaka cha kuombea mvua, bila yeye kutangulia. Alikuwa na kikopo cha yale maji. Alikuwa ameyaonja.

"Salim mwanangu, hii maji si ya mto. Haina chumvi. Hii ni maji ya mvua."

Nikasema ni safi, ndiyo.

"Inatoka wapi?"

Hapo nilijiona mwalimu. Nikafuta mikono, nikaeleza. "Inatoka kwa hewa, mama. Hewa iko na maji ndani, haionekani. Ile mashine inapoza hewa, maji inatoka."

"Hewa ya huku kwetu?"

"Ya huku."

Alifikiri. Akauliza polepole, si kwa ubaya: "Na ikitolewa hapa chini, huko juu inabaki nini?"

Nilisema ni kikombe tu, mama, ni kidogo sana. Akasema mvua nayo huanza na kidogo. Akaondoka na kikopo chake amekishika kwa mikono miwili.

Nimekaa na swali lake jioni yote. La kuudhi ni kwamba hakukosea. Yanatoka hewani kweli. Ningesema uongo palepale, ningesema ni ya rejeta, yangekwisha.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mawingu yalikuja tangu asubuhi, meusi, yamejaa. Watu walitoka nje. Yakakaa juu yetu mpaka adhuhuri. Kisha gari la Muthama likawashwa. Kisha mawingu yakaenda zake upande wa Taita.

Mimi najua upepo ni upepo. Lakini nilikuwa mlangoni, nikaona jinsi barabara nzima ilivyogeuka kuliangalia gari. Ndila ndani alikuwa amefumba macho.

Mwanamisi anasema kwenye foleni ya mahindi hawamsogelei tena. Binti yetu ameambiwa na wenzake kwamba baba yake amefunga mvua kwa spana.

Jumatatu, 15 Oktoba

Wazee wamekuja. Mulei mbele, ambaye Jumapili ni shemasi na siku nyingine ni mzee wa ithembo. Syokau alikaa pembeni. Hawakunitisha. Ingekuwa afadhali, ningejua la kujibu. Waliuliza habari za nyumbani, wakakubali chai isiyo na maziwa, wakasifu kibanda.

Ndipo Mulei akasema. Huwa kuna mambo yanayosimamishwa mpaka mvua inyeshe: miti ya ithembo haikatwi, na siku ile ya sadaka hakuna anayeshika jembe. Sasa kuna hili jipya. Wameamua kile kitu cha baridi kitolewe. Gari likae, kitu kitoke. Na kitolewe na mkono ule ule uliokitia, mwingine akikigusa haitakuwa na maana.

Nikasema Ndila atakufa. Nikaeleza ngozi, jasho, daktari. Walisikiliza hadi mwisho. Mulei akasema anamhurumia mke wa Muthama, amemwombea kanisani kwa jina.

"Lakini Salim," akasema, "mimi nimezika wajukuu wawili tangu Agosti. Wewe unaniambia juu ya mmoja."

Nikammiminia chai tena.

Wamenipa mpaka kesho. Keshokutwa asubuhi watakuja kuangalia. Wakitoka, Syokau alibaki nyuma akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vijana wa sokoni wanazungumzia petroli na kiberiti. Wazee wakikubaliwa, vijana watatulia. Alikuwa ananisihi, nilimwona.

Jumanne, 16 Oktoba

Asubuhi kwa Muthama. Alitaka kwenda kumpiga Mulei. Ndila akasema kitolewe, hataki watoto wa watu wafe kwa ajili ya usingizi wake wa mchana. Nikawaka. Nikawaambia hakuna mtoto hata mmoja anayekufa kwa kikombe cha umande, na kwamba huo mtambo siutoi, nimeutia kwa mikono hii.

Shauri nililotoa ni hili. Wanachoona ni maji. Basi wasiyaone. Kijibomba cha umande nikivute ndani ya gari, kimwage kwenye galani, dumu dogo, miguuni pa Ndila. Gari lisogezwe nyuma ya nyumba, lisiwe barabarani. Injini ikisikika, tuseme nimeacha feni tu. Ndila akauliza atasema nini akiulizwa, yeye ni mtu wa kanisa. Nikamwambia aseme anaumwa, hilo si uongo.

Alijifunika leso vizuri. Akasema, "Haya, fundi. Mpaka Januari."

Nimefanya magharibi, nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na pipa. Taa sikuwasha, wasione. Nililala chali chini ya gari nikipapasa. Nje kwenye njia kulikuwa na sauti za vijana, zinakuja, zinasimama, zinaondoka. Moyo ulinipiga hata spana ikaniangukia usoni, mdomo umepasuka. Nilichomoa kijibomba kwenye tundu lake, nikaingia ndani, nikakivuta, nikakielekeza kwenye galani, nikatoka. Ovaroli nimeitundika kibandani, inanuka woga wangu. Mwanamisi ameniuliza mdomo umefanya nini. Nimesema spana.

Jumatano, 17 Oktoba

Walikuja. Muthama akawasha injini mbele yao. Wakangoja. Mulei akainama, Syokau akapitisha kiganja chake kwenye ardhi chini ya gari, mara mbili, kama mtu anayetafuta sindano. Vumbi tupu. Akanionyesha mkono wake mkavu, akatabasamu. Alinishukuru.

Nilijisikia mwizi. Halafu nikachungulia kupitia kioo cha gari nikamwona Ndila ameketi kwenye baridi yake, mzima, na nikasema potelea mbali.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nimepita kwa Muthama. Ndila analalamika kichwa, tangu Jumatano. Jana alitapika baada ya kutoka garini. Anasema ni Mungu, kwa ule uongo. Mimi nasema ni vidonge vya maumivu bila chakula. Huko nyuma ya nyumba upepo hakuna, ukuta unakusanya joto, labda ndio unaomsumbua. Nimeangalia mkanda, gesi, feni. Baridi ni nzuri kuliko Septemba. Nimemwambia anywe maji mengi. Tukacheka kidogo, maji anayo miguuni.

Jumapili, 21 Oktoba

Muthama ana raha. Anasema mkewe sasa akiingia garini analala mara moja, hata watoto wakigonga kioo hasikii. Zamani alikuwa hapati usingizi kwa kuwashwa na makovu. Kichwa bado, lakini usingizi umepatikana.

Vijana wametulia. Mwanamisi amerudishiwa nafasi yake kwenye foleni. Mawingu yanajikusanya tena upande wa vilima vya Chyulu.

Jumanne, 23 Oktoba

Joto la leo sijawahi kuliona. Hewa imesimama. Muthama alipita saa tano akasema amemwingiza Ndila garini mapema, tangu saa tatu, asije akazimia. Nikamwambia vizuri.

Saa nane imenyesha.

Ilianza kwa matone makubwa yanayotoboa vumbi, moja hapa, moja kule, watu wakasimama wakiyaangalia bila kuamini. Halafu ikamwagika yote. Barabara imejaa watu. Wanawake wanaimba, mtu amelala kifudifudi kwenye dimbwi anakunywa. Nilitoka nami. Nililia, kwa nini nisiandike, nililia kama wote.

Syokau alinitafuta katikati ya mvua. Akafungua kifua cha shati langu akanitemea mate pale, ndivyo wanavyobariki. Akasema nimewarudishia mvua. Akasema sasa nimekuwa mtoto wa hapa, si mtoto wa mgeni. Miaka arobaini nimengoja kuambiwa hivyo, na nimeambiwa kwa uongo. Sikumkatalia. Nilimshika mikono.

Muthama alipita mbio akifunika magunia ya lori. Nikamuuliza Ndila ameionaje mvua. Akasema amelala, hata ngurumo haikumwamsha, tumwache apumzike, atafurahi akiamka akute matope. Injini hajaizima kwa sababu ndani akizima patakuwa tanuri. Vioo amevibana vizuri, maji yasiingie.

Nimerudi kibandani nimelowa chapachapa. Nimevua kila kitu. Nguo kavu ilikuwa ile ovaroli ya Jumanne iliyopita tu, bado iko msumarini, sikuigusa tangu siku ile. Nimeivaa, nimekaa kuandika haya mapema, kabla sijasahau uso wa Syokau. Mwanamisi anachemsha chai. Mvua inapiga bati hata sijisikii nikifikiri.

Kuna kitu kigumu mfukoni kinanifinya pajani. Ngoja.

Ni pete ya raba. Nyeusi, ya tairi, ina alama za kisu changu. Nimeiweka hapa juu ya ukurasa. Ya wapi hii? Zote nilizitia, zote nilizi—

Ilitoka na kijibomba. Gizani. Niliitia mfukoni nipate kushika spana.

Tundu la sakafu liko wazi, juu ya eksosi inayovuja. Na Ndila yumo ndani tangu saa tatu.

Mvua imepungua kidogo. Injini naisikia kutoka hapa, inanguruma taratibu, haina kasoro.